Nati, Bolti na Stadi: Historia ya Vifungio vya Gurudumu na Majina Yake

Miongoni mwa maswali yaletwayo mbele ya dawati letu la istilahi, yako yanayoonekana madogo mno hata mtu akadhani yatamalizwa kabla chai haijapoa. Idara moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilituletea rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha madereva. Tulipofika ukurasa wa kubadilisha gurudumu tulikuta neno moja tu, nati, likifanya kazi ya maneno matatu. Nati zililegezwa, nati zikatolewa, nati iliyokatikia ndani ya kitovu ikagongwa kwa nyundo ikatoka nyuma, kisha nati zikarudishwa tunduni. Gari lililokusudiwa ni la Kijerumani, na katika magurudumu yake manne hamna nati hata moja.

Barua iliyoambatana na rasimu hiyo ilikuwa na swali la pili. Karakana ya idara ilikuwa na gari jingine, la Kijapani, ambalo vyuma vyake vya kufungia gurudumu vilikuwa vimechakaa, na ghalani mlikuwa na akiba kubwa ya vile vya Kijerumani. Fundi mkuu alitaka kuondoa vya kwanza na kutia vya pili. Idara iliuliza: kazi hiyo iitweje kwa Kiswahili sanifu, ili iandikwe katika daftari la matengenezo?

Hatukuweza kujibu kwa mstari mmoja. Jina la kazi hutegemea majina ya vyuma, na majina ya vyuma hayaeleweki mpaka ijulikane vyuma vyenyewe vilifikaje hapo vilipo.

Gurudumu la mkokoteni halifungwi kwa hesi. Huingizwa katika ncha ya ekseli, likazuiwa na pini moja inayopita katika tundu la ncha hiyo. Pini ikichomoka, gurudumu hutoka, hapana zaidi. Magari ya injini ya awali yalirithi fikra hiyo ya gurudumu la kudumu: halikukusudiwa kuondolewa njiani. Tairi la mpira lilipotoboka, dereva alikata mpira kwa kisu na kuupachika mwingine papo hapo, gurudumu likiwa bado mahali pake. Kazi hiyo iliweza kula robo saa na zaidi, na mikono ikatoka damu.

Badiliko lilionekana waziwazi katika mashindano makubwa ya Ufaransa yaliyofanyika karibu na Le Mans mwezi Juni 1906. Kampuni ya Michelin ilikuwa imetengeneza ringi ya kuondoleka, yaani duara la nje la gurudumu lililobeba tairi lililokwisha kujazwa upepo, likashikwa kwa nati nane. Fundi alifungua nati, akatoa ringi yenye tairi bovu, akatia nyingine. Dakika zilizohitajika hazikufika nne. Ferenc Szisz, aliyeendesha Renault yenye ringi hizo, alishinda. Tangu hapo watengenezaji walielewa kwamba kifungio cha gurudumu ni jambo la kufikiriwa na mhandisi, si la kuachiwa mhunzi.

Baada ya ringi kuondoleka, ikafuata gurudumu zima kuondoleka. Njia zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ile ya Rudge-Whitworth ya Uingereza: kitovu chenye meno na nati moja kubwa ya katikati, yenye masikio ya kugongwa kwa nyundo. Njia hiyo ilipendwa sana na magari ya mashindano. Nyingine ndiyo iliyoenea duniani, nayo ni kuzungusha vifungio vitatu, vinne, vitano au sita kuizunguka katikati ya gurudumu. Hapa ndipo njia ikagawanyika tena, na mgawanyiko huu wa pili ndio uliomkwaza mfasiri wetu.

Waingereza, Wamarekani, na baada yao Wajapani, kwa sehemu kubwa walichagua kupachika katika kitovu vyuma vyenye hesi ambavyo hubaki hapo daima. Chuma hicho hushindiliwa kwa nguvu kutoka nyuma ya kitovu. Shina lake lina michirizi inayouma ndani ya tundu ili kisizunguke. Gurudumu huvikwa juu yake, kisha nati hufuata. Land Rover iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ambayo wengi wetu tuliijua kabla hatujajua kusoma, imefungwa hivyo, vyuma vitano kila gurudumu. Toyota na Nissan zilizojaa leo katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi ni hivyo hivyo.

Wajerumani wengi walifuata njia nyingine. Kitovu chenyewe hukatwa hesi ndani ya matundu yake, na bolti yenye kichwa hupita katika gurudumu ikaingia kitovuni. Bolti ikitolewa, kitovu hubaki kitupu na kimelala bapa. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilifungwa kwa bolti, na haikuwa ngeni kwetu: ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Mafundi wengi wa nchi zetu, basi, waliifungua na kuifunga bolti hiyo miaka mingi kabla mwandishi yeyote hajafikiri kuipa jina rasmi.

Hata viwandani kumekuwa na kuhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Volvo ya namba 240 ilitumia nati. Volvo 850, iliyotoka 1991, ikatumia bolti. Gari dogo la Mini la mwaka 1959 lilikuwa la nati. Lile lililozaliwa upya 2001 chini ya BMW likawa la bolti. Porsche 911 iliyopozwa kwa hewa ilikuwa na nati za alumini, na ile iliyofuata mwaka 1997 ikaja na bolti. Kwa hiyo fundi mkuu wa idara ile hakuwa na wazo la ajabu. Alichotaka kufanya kimefanywa na makampuni makubwa, ila makampuni hayo yalibadilisha pamoja na kitovu.

Nasi tuje kwenye maneno.

Pwani yetu ilipata neno lake la kwanza la hesi kutoka kwa Wareno, waliokuwa hapa tangu 1498 mpaka Ngome ya Yesu ilipowatoka mikononi mwaka 1698. Parafujo ni neno lao. Walituachia pia roda, ambayo kwao ni gurudumu, nasi tukaifanya kapi la kupandishia tanga. Jambo linaloonyesha ni wapi hasa watu wa pwani walikoona gurudumu likifanya kazi yenye manufaa. Neno la Kireno la nati halikuingia. Kwao nati huitwa kwa jina la nguruwe jike. Hatudai kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini mtu aijuaye Mombasa hatashangaa.

Wajerumani walitawala Tanganyika mpaka Vita vya Kwanza, wakatuachia shule na hela, na machache mengine. Bolti zao zilikuja baadaye bila jina lao. Kwa hakika Wajerumani wenyewe hawajakaa vizuri katika jambo hili: chuma kinachobaki kitovuni hukiita kwa jina lenye maana ya bolti iliyosimama, na bolti ya kuingia na kutoka ina jina lake sahihi vitabuni, lakini katika mazungumzo ya gereji neno moja hutumika kwa zote mbili. Nati kwao ni mama. Wamarekani nao huiita nati ya gurudumu kwa neno ambalo huko Uskoti maana yake ni sikio. Mfasiri akijiona amechanganyikiwa, ajue hayuko peke yake.

Maneno tunayotumia leo, nati, bolti, spana, ekseli, breki, yalitoka kwa Waingereza, na hayakupitia darasani. Yalipita katika karakana za reli, katika gereji za miji, na zaidi katika Vita vya Pili vya Dunia, ambapo vijana wengi wa Afrika Mashariki walifunzwa udereva na ufundi jeshini. Neno lililosikiwa kwa sikio la mtu aliyelala chini ya lori hukatwa kufuata sauti yake na haja yake. Ndiyo maana yamekaa imara hata leo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilijishughulisha mno na vitabu vya shule, gereji haikuingoja. Wasemaji wa Kongo, ambao maneno yao ya ufundi hutoka zaidi katika Kifaransa, wana mapito mengine, na hatuwasemei hapa.

Nati na bolti zina nafasi zake. Tatizo ni kile chuma cha tatu, kinachobaki kitovuni. Mafundi tuliowasikia husema stadi. Wengine husema studi. Mwenzetu mmoja wa dawati alipinga kwa nguvu. Alisema neno stadi lina mwenyewe, nalo lina heshima: mtu stadi ni mtu mwenye ujuzi, na neno hilo limetufikia kutoka Kiarabu pamoja na ustadhi. Alitaka tutumie kiguzo, au bolti-simamo. Alituuliza kama tutakuwa tayari kuchapa sentensi isemayo kwamba fundi stadi alibadilisha stadi.

Tulicheka, na baada ya kucheka tukaona kwamba sentensi yenyewe inaeleweka. Ya kwanza inaeleza fundi. Ya pili ni kitu kilichobadilishwa. Kiswahili kinabeba kaa la moto na kaa la baharini, na hakuna aliyepika la pili akidhani ni la kwanza. Kiguzo ni neno zuri, lakini hakuna fundi atakayelijibu akiitwa nalo. Bolti-simamo ni Kijerumani kilichovaa kanzu. Zaidi ya hayo, jina lenye bolti ndani yake lingeturudisha kwenye mkanganyo uleule tunaoukimbia. Tukapendekeza stadi ya gurudumu, na mwenzetu akaandika kwamba hakubaliani. Maandishi yake yamo katika jalada.

Kwa nini tung'ang'anie tofauti hizi? Kwa sababu gurudumu hutoka. Yafaa hapa tusahihishe dhana iliyomo hata katika tafsiri nyingine tulizozipitia, zisemazo kwamba bolti au stadi "hubeba gari". La hasha. Kinachoshika gurudumu ni mbano. Chuma kikikazwa hunyooka kidogo sana, kama uzi uliovutwa, na kwa kutaka kurudi hulibana gurudumu juu ya kitovu mpaka nyuso mbili zisiweze kuteleza. Mbano ukipungua, gurudumu huanza kucheza, na hapo ndipo stadi hupindwa mara elfu na kukatika. Kwa hiyo kitenzi sahihi ni kubana wala si kubeba, na mfasiri akikikosa atamfanya dereva aamini kwamba chuma kinene kinatosha hata kikiwa kimelegea.

Mbano hutegemea mambo ambayo kila moja lahitaji jina. La kwanza ni kikalio, yaani umbo la sehemu ya nati au kichwa cha bolti inayogusa gurudumu. Nati nyingi za Kijapani za ringi za chuma zina kikalio cha koni cha nyuzi 60. Bolti za Volkswagen na Mercedes-Benz zina kikalio cha mviringo, kama kipande cha mpira. BMW ni koni. Koni ikitiwa katika shimo la mviringo hugusa ukingo mwembamba tu. Hukazwa vizuri leo, na baada ya safari ya kwenda Dodoma huwa imelegea. Idara iliyotaka kutumia bolti za Kijerumani kwenye ringi za Kijapani ilikuwa ikielekea shimo hilohilo, na mfasiri aliyeandika "nati" tupu hakumpa mtu onyo lolote.

La pili ni hatua ya hesi, yaani umbali kutoka jino moja la hesi hadi la pili. Stadi za Toyota nyingi ni za kipenyo cha milimita 12 na hatua ya 1.5, za Nissan ni 12 na 1.25. Kwa macho ni ndugu. Nati ya moja huanza kuingia juu ya nyingine, ikazunguka mara moja au mbili, kisha ikagoma. Na hapo mtu mwenye haraka huvika bomba juu ya mpini wa spana. Joseph Whitworth alipotoa pendekezo lake la kusawazisha hesi mwaka 1841 alikuwa akipigana na ugonjwa huu, na haujapona.

La tatu ni mkono wa hesi. Malori mengi ya zamani ya Uingereza yalikuwa na hesi ya kushoto upande wa kushoto wa gari, kwa hofu kwamba mzunguko wa gurudumu ungezilegeza nati za kulia. Magari ya Chrysler ya Marekani yaliendelea hivyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Stadi ngapi zimekatwa na utingo aliyekuwa akikaza huku akidhani anafungua! Na hapa mfasiri ana mtego wake: kushoto ni kushoto kwa dereva aliyeketi ndani akitazama mbele, wala si kwa mtu aliyesimama mbele ya gari akilitazama usoni. Tumeagiza ielezwe kila mara.

Sasa turudi kwa fundi mkuu. Stadi zake ni za milimita 12, na bolti za ghalani, alivyotuambia, ni za milimita 14 kwa hatua ya 1.5. Tuliketi na mhandisi tukafuata kazi hatua kwa hatua. Stadi hugongwa, ikatoka nyuma ya kitovu. Tundu linalobaki ni laini, halina hesi, na ni pana kuliko milimita 12 kwa sababu lilikuwa likishika shina lenye michirizi. Bolti ya milimita 12, basi, haina la kushika. Hesi ya milimita 14 kwa hatua ya 1.5 hukatwa katika tundu la milimita 12.5, kwa hiyo kazi yawezekana tundu likiwa halijazidi kipimo hicho. Matundu ya ringi nayo yangepaswa kupitisha bolti nene zaidi. Lakini kitovu kina unene gani? Kanuni ya mafundi ni kwamba bolti ya chuma iingie ndani ya hesi kwa urefu usiopungua kipenyo chake. Kwa bolti ya milimita 14 yenye hatua ya 1.5, hiyo ni mizunguko tisa na ushei. Kitovu kilichotengenezwa kwa ajili ya stadi hakikuwahi kuahidi unene huo. Bolti ikiwa fupi, hesi huchunika. Ikiwa ndefu, ncha yake hutokeza nyuma na kugusa breki. Hata gari lililozaliwa na bolti lina hatari hii: mwenye gari akitia ringi nene za alumini hununua bolti ndefu, halafu siku ya pancha huzitumia bolti zilezile kwa gurudumu la akiba la chuma chembamba.

Mhandisi alishauri idara inunue stadi mpya. Ni chuma cha bei ndogo, na stadi hurudishwa kwa kuvutwa na nati yake yenyewe mpaka kichwa chake kikae nyuma ya kitovu. Faida ya stadi, tuongeze, huonekana na yeyote aliyewahi kubadilisha gurudumu usiku: gurudumu hutundikwa juu yake likatulia. Kwenye gari la bolti hulishikilia kwa goti huku ukitafuta tundu kwa kidole. Wajerumani wengine huweka ndani ya sanduku la vifaa pini ya kuelekezea. Nayo tumeiita pini elekezi, bila mabishano.

Jina la kazi tulilipa hata hivyo, maana swali liliulizwa na daftari lina safu yake. Kuondoa stadi na kutia nyingine tumeiita kubadilisha stadi. Kuondoa stadi, kukata hesi katika kitovu na kutumia bolti mahali pake tumeiita kugeuza kitovu kuwa cha bolti, kwa kuwa kinachogeuka hapo ni kitovu, na anayesoma daftari miaka mitatu baadaye lazima ajue kwamba gari hilo si lile lililoelezwa na kiwanda. Neno kubadilisha peke yake lingemficha hilo.

Ukurasa wa kijitabu tumeurudisha ukiwa umesahihishwa. Kwa gari la Kijerumani sasa unasema: legeza bolti tano kabla ya kuinua gari kwa jeki, inua, toa bolti, ukiiacha ya juu iwe ya mwisho, tia pini elekezi mahali pa bolti ya juu kabla ya kuondoa gurudumu. Na mwishoni: kaza kwa kuruka, moja na iliyo mkabala nayo, kwa kipimo cha Newton-mita 120 kilichotajwa na kiwanda, kisha pima tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa gari la Kijapani upo ukurasa wake mwingine, wenye stadi na nati, na kipimo chake.

Neno moja limebaki bila kutuliwa, nalo ni studi. Wasomaji walio karibu na gereji, hasa za Tanga, Mwanza, Mombasa na Unguja, watatusaidia wakituandikia ni lipi kati ya stadi na studi wanalolisikia zaidi, na kama liko jingine la kienyeji ambalo halijatufikia. Tafadhali mtaje fundi alikuwa na umri gani, na alijifunzia gari la aina gani.